Mbona Liyongo Hasahauliki? Dhima ya Masimulizi Zaidi ya Orodha

Swali la dhima ya hadithi hujibiwa na watahiniwa wengi kwa orodha ile ile: hadithi huburudisha, huelimisha, huonya, hukuza umoja na huhifadhi historia. Orodha hii si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inaweza kubandikwa kwenye kisa chochote, cha Sungura au cha Zimwi, bila mtahiniwa kukisoma kisa chenyewe. Makala hii inapendekeza njia nyingine. Hebu tuchukue mighani mmoja, wa Fumo Liyongo, tuuchunguze unafanya kazi gani na kwa nini watu wamekataa kuuacha.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu wakati alioishi Liyongo. Hata hivyo, safari ya kisa chake twaijua. Baada ya kusimuliwa kwa muda mrefu katika pwani ya kaskazini ya Kenya, kilichapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili. Mwaka wa 1913, Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utendi. Mwaka wa 2001, Kithaka wa Mberia alikichota tena katika tamthilia ya Kifo Kisimani, iliyowahi kuwa kitabu teule katika shule zetu za upili. Kisa kimoja, fanani mbalimbali, hadhira mbalimbali. Kwa nini?

Jibu la kwanza limo ndani ya kisa chenyewe. Liyongo ni jagina mwenye nguvu za ajabu, lakini tazama anavyojiokoa gerezani. Misuli haimfai kitu; amefungwa minyororo na walinzi wako mlangoni. Kinachomfaa ni utunzi. Anamfumbia mamake ujumbe katika shairi, naye kijakazi Saada anaupeleka: aokewe mkate wa wishwa, na ndani yake mtiwe tupa. Walinzi wamezoea kumnyang'anya chakula kizuri. Wanapouona mkate wa makapi wanaudharau na kuuacha upite. Kisha inachezwa ngoma ya gungu, na katika kishindo chake Liyongo anakata minyororo. Tambua, basi, kwamba kisa hiki kinatueleza kwa nini wanyonge hutunga na kusimulia: fumbo hupita pale ambapo kauli ya wazi ingezuiwa.

Lakini mighani huu hausifu neno bila tahadhari. Sultani wa Pate aliyeshindwa kumuua Liyongo kwa silaha anamuua kwa maneno pia. Anamwahidi mwanawe Liyongo cheo na mke, na kijana huyo anamdunga babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Ahadi ya Sultani nayo ni hadithi, tena tamu, iliyosimuliwa kwa mtu aliyetamani kuiamini. Mwana hakufaidi malipo hayo. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "kisa hiki kinaonya dhidi ya usaliti" ameona nusu. Nusu ya pili ni hii: kisa kinatufunza kumchunguza msimulizi. Anayetusimulia anataka nini kwetu?

Fikiria pia kifo chenyewe. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Maiti inautetemesha mji mzima! Hii ni chuku, naam, lakini ina maana. Kinachowatisha watu si mwili tena bali sifa zilizosimuliwa kuuhusu.

Sasa linganisha na Kifo Kisimani. Pate imegeuka Butangi, Sultani amegeuka Mtemi Bokono, na mwana msaliti amegeuka Gege, nduguye Mwelusi. Mwelusi si jitu la miraba minne. Nguvu zake ni msimamo na ukakamavu wake dhidi ya utawala dhalimu. Mabadiliko haya si ya bahati mbaya. Usaliti wa ndugu kwa ndugu unaelekeza macho kwa raia wanaopaswa kuwa kitu kimoja lakini wananunuliwa mmoja mmoja. Mwandishi hakukirudia kisa kwa kukosa kipya cha kusema. Alikirudia kwa sababu dhuluma ilikuwa ingali nasi, na hadhira iliyokijua kisa cha kale ingeutambua upesi uso wake mpya.

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: je, burudani haina nafasi? Inayo, tena kubwa. Kama mkate wenye tupa usingetusisimua, kisa kisingefika kwetu. Burudani ni ule mkate. Ujumbe ni ile tupa. Kosa ni kuula mkate na kuitupa tupa.

Kwa hivyo, mtahiniwa, utakapoulizwa dhima ya hadithi, usianze na orodha. Jiulize kwanza: nani anamsimulia nani, katika hali gani, na ni nini kingepotea kama angenyamaza? Kisha taja dhima na uithibitishe kwa tukio mahususi. Nawe mwalimu, wape wanafunzi visa viwili vyenye mzizi mmoja, uwatake waeleze kilichobadilika na sababu yake. Atakayeweza kueleza kwa nini mwana amekuwa ndugu ameanza kuhakiki. Anayekariri hoja tano bado yuko mlangoni pamoja na wale walinzi: mkate ameuona, tupa hakuiona.