Upweke Unaoimbwa na Wengi: Fani na Maudhui katika Nyimbo za The Beach Boys, 1961–1966

Katika uhakiki wa nyimbo za vijana hudhaniwa mara nyingi kwamba kukomaa ni kuacha. Msanii huanza na michezo na mapenzi mepesi. Akisha kukua, huivua fani yake ya awali kama nguo iliyombana na kutafuta nyingine. Mfano wa The Beach Boys, bendi ya Hawthorne, California, unaonyesha kwamba dhana hii haitoshi. Bendi hiyo ilikomaa pasipo kuitupa fani yake. Kilichobadilika ni mzigo ambao fani hiyo ilibebeshwa.

Bendi ilianzishwa mwaka wa 1961 na ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Chumba chao cha muziki kilikuwa gereji ya nyumbani iliyogeuzwa matumizi. Nyimbo zao za kwanza zilisifu jua, magari na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ingawa kati ya ndugu hao ni Dennis tu aliyekuwa mchezaji hasa. Kwa hiyo bahari ya nyimbo hizo, tangu mwanzo, ilikuwa kwa sehemu kubwa bahari ya kubuni. Mwendo wa gitaa ulitokana na Chuck Berry. Upatanifu wa sauti Brian alijifunza kwa kuzisikiliza santuri za The Four Freshmen na kuzichambua sauti zao moja moja.

Dalili ya mabadiliko ilionekana mapema, katika "In My Room" ya mwaka wa 1963. Hapa mandhari imehama kutoka ufukoni hadi chumbani, mahali pa kuficha hofu na machozi. Maneno ni ya mtu aliye peke yake, lakini ubeti wa kwanza unaimbwa na ndugu watatu kwa pamoja. Mgongano huo ndio kiini cha wimbo. Upatanifu uliokuwa pambo la furaha sasa ni faraja: anayelalamikia upweke tayari amezungukwa na jamaa zake.

Mwishoni mwa 1964 Brian aliacha safari za maonyesho ili ajishughulishe na utunzi. Upande wa pili wa santuri ya The Beach Boys Today! (Machi 1965) umejaa nyimbo za taratibu zenye mashaka, na Pet Sounds (Mei 1966), ambayo maneno yake mengi yalitungwa pamoja na Tony Asher, inakamilisha hatua hiyo. "God Only Knows", inayoongozwa na sauti ya Carl, inaanza tamko la mapenzi kwa kutilia shaka udumifu wa mapenzi hayo. Mwishoni sauti zinafuatana kwa zamu, moja ikiipokea nyingine, hadi zinapofifia bila ya kufika tamati. Maneno yana shaka. Mpangilio wa sauti unaijibu.

Hata hivyo, kasoro moja haifai kufumbiwa macho. Sehemu kubwa ya ala katika Pet Sounds ilipigwa na wanamuziki wa kukodiwa, na wenzake Brian waliporudi kutoka safarini walikuta kazi iliyowasubiri waimbe. Yafaa kuulizwa iwapo kilichokomaa ni bendi au ni mtunzi mmoja. Jibu limo katika sauti zenyewe. Ala zingeweza kukodiwa. Sauti za watu waliokulia katika nyumba moja hazikodishwi. Bila ya hizo, utunzi ule ungebaki zoezi la ustadi.

Pet Sounds ilifika nafasi ya 10 tu katika orodha ya mauzo ya Marekani, ilhali Uingereza ilifika ya 2. Dennis alifariki mwaka wa 1983, Carl 1998 na Brian 2025. Kazi yao inamkumbusha mhakiki wa fasihi kwamba fani si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa. Fani ile ile, ikitumiwa na anayeielewa, huweza kusema yale ambayo maneno yanashindwa kuyathibitisha.