Nani anamtengeneza mama? Juu ya filamu ya Daktari Mukwege na maji moto ya kwetu

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusifu desturi za wazee. Mimi leo naomba ruhusa nianze na filamu, halafu nirudi nyumbani, kwa sababu filamu ile ndiyo ilinifungua macho juu ya kitu kilichopita mlangoni kwangu nami nikanyamaza.

Filamu inaitwa kwa Kifaransa L'homme qui répare les femmes, maana yake mwanaume anayetengeneza wanawake. Mbelgiji Thierry Michel aliitoa mwaka wa 2015, pamoja na mwandishi wa habari Colette Braeckman. Mwezi wa tisa mwaka ule Kinshasa ikaikataza, mwezi wa kumi ikaiachilia. Niliiona kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu, hapa Mavivi, jioni moja batri ikikaribia kuzima.

Kazi ni nzuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Wamama wanaompokea daktari anaporudi Bukavu, mwezi wa kwanza 2013, miezi michache baada ya kuvamiwa nyumbani kwake, wanaonyesha upendo ambao hauwezi kununuliwa. Lakini kila niliyeongea naye kisha kuitazama aliongea juu ya vita tu. Kidonda cha mama, kwa watu wetu, sasa ni kidonda cha vita. Kile cha kuzaa kimekosa jina.

Na Mukwege mwenyewe alianzia pale pale kwenye kuzaa. Alipokuwa daktari kijana kule Lemera, miaka ya 80, ni mateso ya wamama wazazi yaliyomfanya aende Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Lemera ilivamiwa mwezi wa kumi 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Panzi, iliyoanza 1999, aliifikiria kwanza kwa ajili ya wamama wanaozaa. Vita ndiyo iliyomletea wagonjwa wengine. Fistula yenyewe, ambayo watu wanafikiri ni ya ubakaji tu, duniani mara nyingi inatokana na uchungu wa kuzaa uliokwama siku nyingi bila msaada.

Tena, hilo neno «kutengeneza». Kushona kunachukua muda mfupi, hata chini ya saa moja. Kupona kunachukua wiki, na kunafanyika wapi? Nyumbani, nyuma ya pazia, mikononi mwa mama mkwe na mashangazi. Filamu haiwezi kuingia pale. Sisi tunaweza, lakini hatuingii.

Kwa ruhusa ya mke wangu nitasema yetu. Mtoto wa kwanza, mwaka wa 2008, alimpasua msamba, yaani ile nyama iliyo kati ya njia ya mtoto na njia ya choo kikubwa. Kwenye kituo walimshona, wakamruhusu, bila kumweleza neno lolote. Kufika nyumbani, desturi ikamchukua. «Maji iwe ya moto kabisa, juu damu ya zamani itoke,» ndivyo ilivyosemwa, na mimi ndiye nilikuwa napasua kuni na kujaza sufuria. Alichuchumaa juu ya beseni asubuhi na jioni. Siku ya sita nyuzi zikaachia. Kidonda kikatoa usaha, akawa na homa, na bado akaambiwa kwamba kila mama anapitia hapo. Mimi sikuuliza. Mwanaume haulizi mambo ya chini ya kitenge, ndivyo tulivyofundishwa. Alikuja kutembea sawasawa baada ya miezi.

Je, desturi yetu ni mbaya basi? Hapana, na hapa sikubaliani na wenzangu wasomi wanaotaka kutupa yote. Mzazi kupumzika, kupikiwa, kuondolewa jembe na mtungi: hiyo ni dawa, na wamama wa mjini wanaorudi sokoni kisha wiki mbili wameipoteza. Waliokimbia vijiji vyao tangu mauaji ya 2014 hawana hata pazia la kukaa nyuma yake.

Lakini maji yanayochoma hayajui kidonda. Yanaunguza nyama iliyovimba, na mama aliyeshonwa anaungua juu ya nyuzi. Siku za kwanza ubaridi ndio unaotuliza: Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya 2022, linashauri kitu cha baridi hapo penye maumivu, na parasetamoli. Kwetu bila friji, kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya baridi kinasaidia. Kuosha ni kwa maji safi ya uvuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma, kupangusa polepole, kubadilisha vitambaa mara kwa mara. Majani na unga wa dawa visiingizwe ndani kamwe.

Halafu choo. Mama aliyepasuka anaogopa kwenda choo, anajizuia, kinakuwa kigumu, kinapasua tena. Tunampa bugali na mchuzi wa nyama tukifikiri tunamheshimu. Ampewe pia lengalenga, maharagi, maji mengi, na papai, tunda ambalo sisi wa Beni tumelichanja miaka mingi kwa ajili ya papaini ya kuuza kuliko kulila.

Desturi inayonisumbua zaidi ni ile ya kutotoka nyumbani mpaka siku zitimie. Maagizo yale ya 2022 yanataka mama aonwe siku ya kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Huku kwetu mtoto anapelekwa kupimwa kilo. Mama ndiye anayembeba, na mara nyingi hakuna anayemtazama. Homa, harufu mbaya, maumivu yanayoongezeka, damu nyingi, mkojo au choo kutoka bila kujua: hayo hayangoji siku zitimie. Kupasuka kuna madaraja manne, na la tatu na la nne, yanayofika kwenye msuli wa choo, yasiposhonwa vizuri mama anaweza kubaki na aibu ya kuvuja miaka mingi. Wako kanisani pamoja nasi, wanakaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa 2019, wakati wa Ebola, kila mlango na ndoo yake ya kunawa. Safari hii nilimuuliza mkunga mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akakasirika kidogo kusikia mwanaume anauliza. Jioni ile akatia kiwiko chake ndani ya beseni, akanitazama.

«Lakini hii ni maji ya mtoto,» akasema.

«Ndiyo, mama,» nikamjibu, na beseni ikaingia.