Sifuri na Tupu

Kijiji cha Kirolirwe kiko Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga, katikati ya vilima vya malisho. Januari 2023, vita vilipofika Kitchanga, watu wa njia hiyo walihama kwa maelfu. Kituo cha afya kikifungwa mwezi kama huo, kisanduku cha wagonjwa wa surua kwenye ripoti ya mwezi hubaki kitupu. Kitupu, wala si chenye sifuri. Sifuri ni kazi ya muuguzi: amewapokea watoto, amewapima, hakukuta mgonjwa. Kisanduku kitupu hakina aliyehesabu.

Kwa sababu hiyo naisifu kazi ya kuhamisha programu kutoka lugha moja ya kompyuta hadi nyingine, ikifanywa bila kuchanganya viwili hivyo. Takwimu za afya za Kongo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Programu yake ya simu za Android ilianza kwa lugha ya Java, ikahamia Kotlin hatua kwa hatua. Kampuni ya JetBrains, iliyobuni Kotlin, ina chombo kinachohamisha chenyewe: unabonyeza, na faili zima la Java limegeuka Kotlin. Hadi leo nakistaajabia.

Ila Java huacha vitu vingi viwe vitupu bila kutangaza, na Kotlin hutaka utangaze. Chombo kisipokuwa na hakika huweka alama ya kuuliza, na kwingine alama mbili za mshangao: hapa pana kitu, kikikosekana programu na ianguke. Njia ya mkato ni kufuta mishangao hiyo na kuandika `?: 0`, yaani pakikosekana kitu, weka sifuri. Programu haianguki tena. Na kijiji kilichokimbiwa kinasomeka kwenye jedwali la jimbo kuwa hakina surua, katika nchi ambako mlipuko wa 2019 uliua watu zaidi ya 6,000.

Fundi ninayemsifu huifuata kila alama hadi chimbuko lake: namba hii hujazwa wapi, na nani, yaweza kukosa kujazwa? Huandika jaribio la sifuri na jingine la kisanduku kitupu, huyaendesha kwenye Java ya zamani na Kotlin mpya, kisha hulinganisha majibu. Faili moja laweza kumchukua siku nzima, na akifanikiwa, muuguzi haoni badiliko lolote.