Chuma cha Kuliwa: Namna ya Kupima Kinga ya Mashine ya Nyasi

Anayetaka kujua kama fundi amekinga vizuri mashine yake ya kukata nyasi asianze kwa kugonga chuma kilichoongezwa ili asikie kinavyolia. Aulize hivi: kipande hiki kitakapoliwa kikaisha, kitatolewaje? Fundi anayejua kazi atajibu papo hapo, kwa kidole: kwa bolti hizi mbili, au kwa kukata mishono hii minne kwa grainda. Asiyejua atasema hakitaisha. Hapo ndipo pa kumshuku, hata kama rangi imekaa vizuri na mshono unang'aa, kwa sababu katika ardhi ya Kabati hakuna chuma kisichoisha.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kabati iko Kitui Magharibi, kwenye barabara inayotoka Kibwezi, upande wa Makueni, ikapitia Mutomo na mji wa Kitui hadi Migwani. Njia hiyo inapita katika nchi ya miamba ya kale iliyomomonyoka ikawa mchanga, mchanga uleule unaozolewa kwenye mito mikavu ya Ukambani na kupelekwa kwa wajenzi. Sehemu kubwa ya punje zake ni kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ni 7, ilhali chuma laini cha bati kinachotengenezewa deki, yaani ule mwili wa chuma unaofunika kisu, hakifiki 5. Hata springi ya lori, chuma ambacho mafundi wetu wanakiheshimu kuliko vyote na ambacho hutolewa patasi na panga, bado iko chini ya kwatsi. Basi deki inapokwaruza ukingo wa saruji, kichuguu kilichokauka au changarawe iliyomwagika kutoka njiani, hakuna shaka ni nani atamkwaruza mwenzake. Kinga yoyote itakayowekwa italika. Lililobaki mikononi mwa fundi ni kuchagua mahali pa kulika, na ubora wa kazi yake unapimwa kwa uchaguzi huo.

Jambo hili si geni Ukambani. Plau ya chuma ya kukokotwa na maksai, iliyoenea huku katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ilijengwa juu ya wazo hilohilo. Kipande kinachopasua udongo, yaani ulimi, hakikuchomelewa kwenye mwili wa plau, kimefungwa kwa bolti. Ubavu unaosuguana na ukuta wa mfereji nao umefungwa kwa bolti. Mkulima hununua ulimi mpya sokoni, anafungua nati, anafunga mpya, na mwili wa plau unaendelea kulima msimu baada ya msimu. Tena angalia vichwa vya bolti zile: ni bapa, vimezama ndani ya tundu hadi vikalingana na uso wa chuma, na shingo yake ni ya pembe nne ili bolti isizunguke wakati wa kukaza nati upande wa nyuma. Udongo unapita juu yake bila kunasa popote. Duka linalouza ndimi za plau huuza na bolti zake, kwa hiyo fundi anayekinga deki kwa bolti ya kawaida yenye kichwa kilichojitokeza nje hana udhuru. Kichwa hicho kitanasa mzizi kwanza, kisha kitaliwa pembe zake mpaka spana isishike, na siku ya kubadilisha kipande mtahitaji tindo.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba bolti hulegea na mshono haulegei. Ni kweli kwamba injini ya mashine ya nyasi hutetemesha kila kitu, na bolti isiyo na nati ya kujifunga yenyewe, au angalau washa ya springi, itaanguka. Lakini mshono nao una udhaifu wake, na udhaifu huo umejificha. Deki nyingi za mashine za kusukuma ni bati lisilozidi milimita tatu hivi. Ukilishonea chuma cha milimita tano kwa mshono mmoja mrefu, joto litalivuta bati, ukingo utajikunja, na deki haitakaa sawa tena juu ya nyasi. Mshono mzuri hapa ni wa vipande vifupi, sentimita mbili au tatu, vikiachiana nafasi, huku fundi akiruka kutoka ncha moja hadi nyingine ili joto lisirundikane. Weka rula ndefu kwenye ukingo: ikiwa mwanga unapenya katikati, bati limepinda. Kisha utazame bati kando ya mshono kuliko unavyoutazama mshono wenyewe. Ukiona mfereji mwembamba uliochimbwa na moto pembeni ya mshono, pale ndipo ufa utakapoanzia, kwa kuwa bati limepunguzwa unene hasa mahali linapobeba mzigo.

Springi ya lori inahitaji neno la peke yake, kwa sababu inapendwa na inadanganya. Ina kaboni nyingi. Hiyo ndiyo siri ya ugumu wake. Ikichomelewa ikiwa baridi na kuachwa ipoe kwenye upepo, sehemu iliyo jirani na mshono hugeuka ngumu na kavu kama kioo, na pigo moja la jiwe huivunja kando ya mshono, mshono wenyewe ukiwa salama. Mteja hulaumu rodi za kuchomelea, na rodi hazina kosa. Fundi anayejua ataipasha moto springi kwanza, ataichomelea ingali na joto, kisha ataifukia kwenye jivu au mchanga mkavu ipoe polepole. Anayejua zaidi hataichomelea kabisa: ataitoboa ikiwa imelainishwa, aitie ugumu baadaye, na kuifunga kwa bolti. Muulize fundi atafanyaje, na majibu yake yatakuonyesha umbali wa elimu yake, awe na cheti au asiwe nacho.

Kuna alama nyingine ya fundi mzuri ambayo huonekana kabla moto haujawaka: mahali anapobana waya wa athi. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudi. Waya ukibanwa kwenye injini au kwenye gurudumu, umeme utapita katikati ya beringi, na cheche ndogondogo zitaacha madoa kwenye gololi ambayo utayasikia kama ngurumo miezi michache baadaye. Kibano kikae kwenye deki yenyewe, karibu na mshono, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Bora zaidi, injini ing'olewe kwanza na waya wa plagi uchomolewe. Kazi inayochukua nusu saa zaidi kwa sababu hiyo imekuokolea mashine.

Sasa umbo. Ukingo wa mbele na pembe mbili za mbele ndizo zinazogonga. Tumbo la deki hugusa ardhi pale tu panapoinuka ghafla. Kinga iliyozungushiwa deki nzima kwa unene uleule haijafikiriwa. Chuma bapa cha upana wa milimita 40 na unene wa 5 kina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu kwa kila mita. Ukikifunga upande mmoja, deki itainama upande huo na kukata nyasi kwa ngazi. Kwenye ukingo wa mbele, kipande cha duara kinateleza juu ya kikwazo ilhali chenye pembe kali kinajichimbia. Kwa hiyo chuma laini cha duara ni bora kuliko nondo, maana mbavu za nondo hushika kila zinachokuta. Kwa mashine kubwa za kuendeshwa, kijigurudumu kidogo kilichotangulia mbele ya deki kinafanya zaidi ya chuma chochote, kwani kinaiinua deki kabla haijagusa.

Chochote kitakachofungwa, ndani ya deki pabaki huru. Kisu cha sentimita 53 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia takriban mita 83 kwa sekunde, karibu kilomita 300 kwa saa. Kiwango cha usalama cha Marekani kwa mashine hizi kimeweka ukomo wa futi 19,000 kwa dakika, kama mita 96 kwa sekunde, kwa kuwa kipande kilichochomoka kwa kasi hiyo kinaweza kujeruhi vibaya. Nati iliyotokeza ndani, au tone la mshono lililopenya, halisameheki. Waya wa plagi ukiwa umechomolewa, fundi azungushe kisu kwa mkono uliovaa glovu, duara zima, mbele yako. Mlango wa kutolea nyasi na kifuniko chake visiguswe. Kinga inayoubana mlango huo hurundika nyasi ndani.

Na nyasi zinazorundikana ndizo adui wa pili, anayefanya kazi mashine ikiwa imelala. Ukambani ina mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kati yake kuna miezi ambayo mashine haitoki stoo. Nyasi mbichi zilizoganda chini ya deki hushika unyevu, na maji yao yana asidi kidogo. Ule mwanya mwembamba kati ya kipande cha kinga na bati hunywa maji hayo na kuyafungia. Hapo bati huoza kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Kwa sababu hiyo kinga bora ama imekaa juu ya rangi iliyokauka kabisa na kuzibwa kandokando, ama imeinuliwa kwa vipande vya kutenganisha kiasi cha kupitisha kijiti cha kusafishia. Hali ya kati, chuma kilichobandikwa juu ya bati tupu, ni mbaya kuliko kutokuwa na kinga. Kama kipande hakijainuliwa, pitisha wembe kati yake na deki: ukiingia bila kukuta rangi wala kizibo, rudisha mashine.

Wengine husema haya yote ni gharama bure, kwamba inatosha kuinua kimo cha kukata au kununua deki nene. Kuinua kimo ni ushauri mzuri, na kwa nyasi zetu za nchi kavu unasaidia mizizi isiungue na jua. Lakini pembe za mbele bado zitagonga kingo za njia, kwa maana hapo anayegonga ni mkono wa dereva. Deki nene nayo hujibu nusu tu ya swali. Deki ya milimita nne na nusu itachukua muda mrefu zaidi kutoboka kuliko ya milimita tatu, na ikitoboka imetoboka yote, pamoja na mahali beringi ya kisu inapokaa. Hapo hununui kipande, unanunua mashine. Mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu una nafasi yake pembeni, dhidi ya kuta na magari yaliyoegeshwa, ila usiwekwe chini ambako kisiki kitaupasua na kuuingiza kwenye kisu.

Bei basi ipatanwe mara mbili: ya kuweka kinga, na ya kubadilisha kipande kitakapoisha. Fundi aliyetengeneza kipande cha kufunguliwa ataitaja bei ya pili bila kusita, na itakuwa ndogo. Mwombe akukatie vipande viwili vya akiba kwa kipimo kilekile, vyenye matundu yaliyolingana, uvitundike stoo vikiwa vimepakwa oili. Kabla hujalipa, mwambie afungue kimoja na kukirudisha ukiwa umesimama hapo.