Masikio ya Wapimaji

Katika kazi zote zilizozaliwa na elimu ya nafsi, sijaona inayostahiki sifa kuliko ya yule asikilizaye sauti ya mtu asiyemjua, aliyekuja kwa tabibu na dhiki zake, ili apime kwa insafu kama moyo wa mtu huyo umeanza kulainika.

Zamani yaliyopita faraghani baina ya tabibu na mwenye dhiki hayakuwa na shahidi ila kumbukumbu ya tabibu mwenyewe, nayo kumbukumbu, hata ya mtu mwadilifu, huelemea upande wa mwenyewe. Carl Rogers, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alipokuwa akisomesha Ohio huko Marekani, alinasa mazungumzo hayo katika santuri, na katika kitabu chake cha 1942 akachapisha ya mtu mmoja, jina likiwa limefichwa, neno kwa neno tangu kikao cha kwanza hata cha mwisho. Kisha, baada ya saa nyingi za kusikiliza bila ya kutanguliza nadharia, akabainisha mwaka 1958 daraja 7 za mabadiliko.

Aliye katika daraja za chini husimulia mambo ya nje: mke, mkubwa wa kazini, nyumba isiyokalika, na hisia zake, azitajapo, huwa kama za mtu mwingine. Wa daraja za juu hufikiwa na hisia papo hapo anenapo. Mathalan, aliyekuwa akilaumu ukali wa babake husita ghafula, pumzi ikamkatika, akasema, “Kumbe... namwonea huruma,” na yeye mwenyewe akastaajabu kusikia neno hilo likimtoka.

Mpimaji wa daraja hizo hupewa vipande vya mazungumzo yaliyonaswa, vya dakika chache na vilivyochanganywa, asijue kipi cha mwanzo na kipi cha mwisho, na mwenzake hupima vivyo hivyo mbali naye, ndipo hesabu zao zilinganishwe. Ufasaha haumhadai, msemaji hodari aweza kupewa 2, na mwenye kubabaika akapata 6. Wako waonao kuwa kuutilia moyo hesabu ni kuuvunjia heshima, lakini mimi naona heshima kubwa katika kumsikiliza mtu hivyo, pasipo kumhukumu wala kumpendelea.

Wala ustadi huu haupatikani kwa kusoma tu, na kwa hiyo Marjorie Klein na wenziwe, walipotoa mwaka 1969 huko Wisconsin mwongozo wa kipimo kilichofuata nyayo za Rogers, waliuandaa pamoja na sauti zilizonaswa, ili wanafunzi wajizoeze kwanza kwazo kabla ya kuaminiwa kupima.