Tanzia, Gitaa na Sauti ya Wengi

Fani ya tanzia, ambayo kwayo mtu mkubwa huanguka mbele ya macho ya watu wanaompenda nao wasiweze kumwokoa, nimeifahamu kwa njia mbili ambazo walimu wengi hawangezitia katika somo moja: kwa kitabu cha Mfalme Edipode, kazi ya Sophocles wa Athens ambayo Samuel Mushi aliitia katika Kiswahili mwaka 1971, na kwa muziki wa roki, ambao sisi wanafunzi wa Bumbuli huusikiliza jioni, ukungu unaposhuka juu ya mashamba ya chai na baridi ikawaingiza watu majumbani. Wazee wetu huuita muziki huo makelele, wala siwalaumu, maana gitaa la umeme halikuundwa kwa kubembeleza watoto. Lakini nimeusikiliza kwa makini kama nilivyokisoma kitabu kile kwa makini, na nimesadiki ya kuwa mafundi wa kazi hizi mbili, ijapokuwa wametengwa na miaka elfu mbili na mia nne, wamejifunza ufundi mmoja.

Fundi wa tanzia haanzi mwanzo. Mchezo wa Sophocles unapofunguka, Edipode amekwisha kumwua babaye njia panda, amekwisha kumwoa mamaye asijue, na amekwisha kuzaa naye watoto wanne. Tendo limepita, na lililobaki ni kujua tu. Tauni imeuingia mji wa Thebe, raia wamekuja na matawi mikononi kumwomba mfalme msaada, naye, kwa moyo mwema kabisa, anamlaani mwuaji asiyejulikana aliyeileta nakama hiyo. Hadhirina wa Athens walikijua kisa hicho tangu utoto wao, na kwa hiyo walisikia kila neno la laana likimrudia yule aliyelitamka. Sioni katika maandiko yote niliyosoma ustadi uupitao huu, wa kumfanya mtu ajihukumu kwa wema wake mwenyewe.

Sisi wa milima ya Usambara tunacho kisa kilichokaribiana mno na hicho. Katika Habari za Wakilindi, alizoziandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy zama za Wadachi, tunasoma ya kwamba Mbegha wa Nguu alizaliwa kigego, meno yake ya juu yakitangulia kuota, na desturi ilikuwa imekwisha kumhukumu kufa; wazazi wake wakamficha, akakua, akawa mwindaji hodari wa nguruwe, hata siku mwana wa mtawala wa Kilindi alipouawa na nguruwe katika mawindo yao, ikambidi akimbie na mbwa wake. Akaingia milima hii, akapitia Bumbuli yetu akiwagawia watu nyama, na watu wa Vugha waliposikia habari zake wakamwita, akamwua simba, wakamtawaza. Edipode naye alipelekwa mlimani mchanga ili afe, akaokolewa na mchungaji, akaja ugenini, akawaondolea watu dude lililokuwa likiwala, akapewa kiti cha enzi. Mbona basi mmoja ni babu wa wafalme na mwingine ni mfano wa masaibu? Jawabu nililolipata ni la ufundi: kila msimulizi huchagua pa kukoma. Anayekoma Vugha amesimulia furaha. Anayeendelea hata baada ya kufa kwake Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa uzao wa Mbegha, wana na wajukuu walipopigana wao kwa wao na raia wakauzwa utumwani, amesimulia tanzia, na ukoo ni ule ule.

Sasa nije kwenye gitaa. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Unguja, katika Mji Mkongwe, mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara, ambaye mwaka 1964 aliondoka na wazazi wake kwenda Uingereza, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Wimbo wake wa Bohemian Rhapsody, alioutoa pamoja na wenziwe wa bendi ya Queen mwaka 1975, unakaribia dakika sita, ilhali redio za siku zile zilipenda nyimbo za dakika tatu. Nao hauanzi mwanzo. Kijana anamwambia mamaye kwamba amemwua mtu. Tendo limepita, halirudi, na yote yanayofuata ni mtu kusimama mbele ya tendo lake. Mwuaji na mama: hayo mawili ndiyo aliyokuwa nayo Sophocles mkononi. Kisha hakuna kiitikio kinachorudiwa, jambo la nadra katika nyimbo za namna hii. Waitikiaji huja katikati, nao huja kama baraza la hukumu, hawa wakitaka kijana aachiliwe na hawa wakikataa, na katika mabishano yao linatajwa kwa Kiarabu jina la Mungu, ambalo mtoto aliyelelewa Unguja hakosi kulisikia mlango kwa mlango.

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu. Sophocles aliweka jukwaani waitikiaji 15, wakiimba na kucheza kwa zumari, wawe ndio wazee wa mji mzima. Katika wimbo wa Queen sauti ni za watu watatu, Mercury na wenziwe May na Taylor, waliojiimbia juu ya utepe mara nyingi mno, sauti juu ya sauti, hata utepe ukakwanguka na nuru ikapenya, kama May alivyosimulia baadaye. Wakapata umma wa watu ambao haukuwapo chumbani. Darasani kwetu tuliyasoma maneno ya wale wazee wa Thebe kwa zamu, mmoja mmoja, yakatuchosha. Mwalimu wetu, ambaye Jumapili huimba besi katika kwaya ya Kilutheri, akatusimamisha, akatugawa makundi mawili, hawa waanze na hawa wapokee, akatupigia mdundo kwa mpini wa ufagio sakafuni. Maneno yale yale yakasimama. Msichana aliyekuwa Edipode, akisikia sauti zetu nyuma yake zikimhurumia bila kumsaidia, alishindwa kuumaliza mstari wake, nasi tukamngoja.

Aristotle alisema kwamba tanzia huusafisha moyo kwa huruma na hofu. Nadhani huruma huletwa na yule mmoja, na hofu huletwa na wale wengi. Na gitaa, kwa roki, lina kazi ya kuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa wengi. Gitaa la Brian May, alilolianza kuliunda mwaka 1963 pamoja na babaye, shingo yake ilichongwa katika mbao ya meko ya zamani, na nyuzi zake yeye huzipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki, ndiyo maana mlio wake una ncha. Katika wimbo ule linapokea pale kijana anapoishiwa na maneno, na linanyamaza baraza linapofika.

Ebrahim Hussein alituonyesha katika Kinjeketile, mwaka 1969, kwamba tanzia inaweza kusimama katika ardhi yetu kwa jina letu na vita vyetu. Natamani kuiona ya Mbegha, hapa Bumbuli, kwa gitaa la umeme na tarumbeta za kanisani. Isianze na kuzaliwa kwake wala meno yake. Ianze mwana wa mtawala akiwa amekwisha kufa na mwindaji akiwa njiani. Na waitikiaji wawe watu wa Bumbuli, waliompokea nyama mkononi kabla hawajamwuliza anakimbia nini.