Paa na Paa: Maoni juu ya Vifaa vya Kuona na Kusikia katika Somo la Lahaja Chuo Kikuu

Katika makala haya nimekusudia kutoa maoni machache juu ya jambo ambalo idara zetu zimelipokea kwa shangwe pasipo kulihoji vya kutosha, nalo ni matumizi ya vifaa vya kuona na kusikia, pamoja na tarakilishi, katika vyumba vya mihadhara ya Kiswahili. Sina nia ya kuvipinga vifaa hivyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba tumevitumia upande mmoja tu: tumevifanya vionyeshe maandishi, ilhali palipokuwa na haja kubwa zaidi ni kwenye sauti. (Mimi huandika tarakilishi, mwenzangu wa ofisi ya pili hushikilia ngamizi, na wanafunzi wote husema kompyuta. Nimewahi kuketi katika kikao kilichojadili majina hayo kwa muda mrefu kuliko muda ambao chombo chenyewe kilitumika muhula ule.)

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Maabara ya lugha, yenye vibanda, visikizi na kanda, ilienea Marekani hasa baada ya sheria ya mwaka 1958 iliyotoa fedha za serikali kwa mafunzo ya lugha za kigeni. Nadharia iliyoibeba ilikuwa ile ya kuunda mazoea: mwanafunzi asikie, arudie, asikie tena, hata ulimi uzoee. Noam Chomsky alipoihakiki kazi ya Skinner mwaka 1959, msingi wa nadharia hiyo ulitikisika, na maabara zikaanza kupoteza heshima yake. Huku kwetu maabara za aina hiyo zilihesabiwa kuwa za wageni wanaojifunza Kiswahili, au za wenyeji wanaojifunza Kifaransa. Mzaliwa wa Afrika ya Mashariki akaambiwa, kimyakimya, kwamba hana haja ya kusikiliza Kiswahili kwa kuwa tayari anakijua.

Halafu idadi ya wanafunzi ikaongezeka. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza nchini Kenya mwaka 1985 ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, na vyuo vikuu vikatakiwa kutoa walimu kwa wingi. Maabara ya vibanda ishirini au thelathini haiwezi kulihudumia darasa la watu mia tatu. Projekta inaweza. Hivyo basi sidai kwamba wahadhiri walichagua slaidi kwa uvivu. Waliichagua kwa sababu ndicho kifaa pekee kilichoweza kuuonyesha umati kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, slaidi zilikwenda hadi kwenye simu za wanafunzi, na wengi wetu hatukurudi tena kwenye chaki.

Nitachukua mfano wa somo la lahaja, kwa kuwa ndilo ninalolifundisha. Slaidi yangu ya wiki ya tatu ilikuwa na jedwali: upande wa kushoto majina ya lahaja, upande wa kulia mahali zinaposemwa. Kivumba, Wasini na Vanga. Chifundi, Funzi, Shirazi na vijiji vya karibu na Msambweni. Wanafunzi walilipiga picha kwa simu, wakalihifadhi, wakalijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini katika darasa zima, ukiwatoa wachache wa Kwale, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumsikia Mvumba akizungumza. Walikuwa wakiyasoma majina ya lahaja kama tusomavyo majina ya sayari. Wala lawama hii si ya projekta peke yake. Sisi sote tunategemea vijitabu vya H. E. Lambert, kile cha Kivumba cha mwaka 1957 na kile cha Chifundi cha mwaka 1958, ambavyo Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilivichapa kwa hisani kubwa, na baadaye kazi ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993 juu ya lugha za Kisabaki. Hizo ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, karatasi haitoi sauti, na slaidi inayoinukuu karatasi haitoi sauti pia.

Tuzingatie jozi inayojulikana na kila msomaji wa jarida hili. Katika Kimvita na lahaja kadhaa za pwani, paa la nyumba na paa wa mwituni si neno moja. La kwanza, lililo katika ngeli ya 5, hutamkwa bila mpumuo. La pili, lililo katika ngeli ya 9, lina mpumuo baada ya /p/, na mpumuo huo ni masalia ya nazali ya kiambishi cha ngeli iliyopotea. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini. W. E. Taylor aliijali tofauti hii katika maandishi yake ya Mombasa, na Sacleux aliionyesha katika kamusi yake ya mwaka 1939. Lakini baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha kuanza kazi yake mwaka 1930, tahajia iliyoenea haikuwa na nafasi ya mpumuo. Kwa mahitaji ya shule na magazeti uamuzi huo ulifaa. Kwa somo la fonolojia umetuachia tatizo: nikiandika paa na paa kwenye slaidi, hata kwa herufi kubwa na rangi mbili, mwanafunzi wa Kitui au wa Bungoma haoni chochote cha kutofautisha. Atakariri kwamba tofauti ipo.

Hapa ndipo tarakilishi ingetufaa kweli. Programu iitwayo Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, hutolewa bure na huweza kuendeshwa kwa mashine ya kawaida. Mzungumzaji akirekodiwa akiyatamka maneno hayo mawili, programu huichora sauti yake, na ule muda mfupi kati ya kuachana kwa midomo na kuanza kutetemeka kwa nyuzi za sauti huonekana wazi: katika paa la nyumba ni mwembamba mno, katika paa wa mwituni ni mpana na umejaa pumzi. Projekta ile ile iliyokuwa ikibeba jedwali langu hubeba picha hiyo, na spika mbili ndogo hubeba sauti. Darasa zima hulisikia jambo na kuliona kwa pamoja. Sijapata kuona slaidi ya maneno matupu ikifanya kazi hiyo.

Muhula uliofuata niliwaagiza wanafunzi wa kikundi kimoja kila mmoja arekodi kwa simu yake mzee mmoja wa kwao akisimulia jambo lolote kwa dakika tano. Mmoja wao alikuwa wa Samburu, ile ya Kwale iliyo kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi (si ile ya kaskazini, kama karani wa idara alivyodhani alipokuwa akijaza fomu ya nauli). Nyumbani kwao husemwa Chiduruma. Alimrekodi bibi yake akieleza jinsi walivyokuwa wakitafuta maji wakati wa kiangazi. Mwanafunzi aliomba radhi kabla ya kuturuhusu tusikilize, kwa kuwa, alisema, hicho hakikuwa Kiswahili na huenda kikawa nje ya somo.

Kilikuwa ndani kabisa ya somo. Chiduruma na Chidigo ni lugha za Kisabaki, ndugu wa karibu wa Kiswahili, lakini ni lugha zenye toni, ilhali Kiswahili Sanifu kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho na hakina toni. Wanaisimu, Charles Kisseberth miongoni mwao, wameonyesha kwamba katika Chidigo toni ya juu iliyo mali ya silabi ya mwanzoni huweza kusafiri na kusikika mwishoni mwa neno. Nimelifundisha jambo hilo mara nyingi kwa mishale kwenye slaidi, na kila mara nimeona nyuso zikinitazama kwa adabu. Safari hii tulimsikiliza bibi, kisha tukauchora wimbi wa sauti yake ukutani, na mwanafunzi wa Samburu akasimama akatuonyesha kwa mkono mahali sauti ilipopanda. Wenzake wa Msambweni wakabishana naye: kwao, katika Chidigo, haipandi hivyo. Ubishi ule ulichukua saa nzima, na sikuwa na sababu ya kuukata.

Tulijaribu pia kuiweka rekodi hiyo katika programu mojawapo ya kuandika usemi, ya zile ambazo siku hizi husemwa kwamba zinajua Kiswahili. Ilitoa aya safi ya Kiswahili Sanifu yenye maneno ambayo bibi hakuyatamka. Neno phahi, ambalo kwa Wadigo na Waduruma huunganisha masimulizi kama basi letu, lilifutika kote. Wanafunzi walicheka. Binafsi niliona jambo la kuhuzunisha, kwa sababu mashine hiyo haikukiri kwamba haijui, ilisanifisha. Na kosa lake lina chanzo kinachoeleweka. Mashine hizo hufunzwa kwa sauti zilizokusanywa, na sehemu kubwa ya zilizokusanywa ni za watu wanaosoma sentensi zilizoandikwa. Hata mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao umefanya mengi kukusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea kwa watu, ulianza kwa utaratibu huo wa kusoma kutoka kwenye kioo. Anayesoma sentensi ya Kiswahili Sanifu, hata akiwa wa Wasini, husoma Kiswahili Sanifu.

Wapo watakaosema kwamba umeme hukatika, kwamba spika huibiwa, kwamba kazi ya namna hii haiwezekani kwa darasa la watu mia tatu. Umeme hukatika kweli. Lakini simu ya mwanafunzi ina betri yake na ni kinasa sauti bora kuliko mashine nzito za kanda ambazo watafiti wa zamani walizibeba mgongoni, na tayari imelipiwa, si na chuo. Kuhusu idadi nakubali: kazi hii hufanyika katika vikundi, na vikundi vinahitaji wahadhiri wasaidizi ambao idara nyingi zimeacha kuwaajiri. Upungufu huo hauzibwi kwa kununua projekta nyingine.

Pingamizi kubwa zaidi ni la ridhaa na hifadhi, na ndilo ambalo halijanipa usingizi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilisikilizishwa, katika chumba chenye mazulia, kanda za wazee wa pwani yetu zilizorekodiwa kabla sijazaliwa. Zilikuwa zimetunzwa vizuri mno. Niliketi pale nikiwa mtu pekee chumbani aliyeelewa mzaha wa mzee mmoja, na ilinibidi nitie sahihi ili nisizitoe. Upande wa Tanzania, kazi iliyofanywa kwa pamoja na TUKI na Chuo Kikuu cha Helsinki, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, ya kurekodi lahaja na fasihi simulizi, ilionyesha kwamba ushirikiano unaweza kupangwa vizuri zaidi ya hivyo. Kwa Kivumba na Chifundi, ambavyo wasemaji wake ni wachache na watoto wao huelekea Kiswahili cha shule au Chidigo, sioni sababu ya kumngoja mgeni aje na mashine.

Bibi wa Samburu alitaka kusikia alichosema. Mjukuu wake alimrudishia sauti likizo iliyofuata. Akaisikiliza hadi mwisho, akasema jina la kisima amelikosea, akadai irekodiwe upya. Rekodi hiyo ya pili tunayo. Katika rekodi kumi na nne za kikundi kile, tatu zimekwisha kupotea pamoja na simu zilizoibiwa au kuanguka majini, na mojawapo ya hizo tatu ndiyo ya pekee iliyotoka Wasini. Idara yetu ina tarakilishi sita na haina mahali palipotengwa, wala mtu aliyepewa jukumu, pa kuziweka kumi na moja zilizobaki. Kwa sasa zimo katika diski iliyo kwenye mtoto wa meza yangu, pamoja na karatasi za ridhaa zilizotiwa vidole gumba.